Mlango wa Pili Kabla ya Maji ya Darini

Maneno ya Mweka Hazina kwa niaba ya Kamati ya Fedha na Ujenzi, katika mkutano mkuu wa mwaka na harambee ya bweni la wasichana

   

Mkutano wa mwaka jana ulitupa kazi. Fedha za kuanzia msingi wa bweni zilikuwa benki, ramani ilikuwa mezani, na ukazuka mjadala uliomaliza jioni nzima. Baadhi ya wenzetu wanaofanya kazi katika maghorofa ya Dar es Salaam walisema: tukijenga tujenge kisasa, tuweke mabomba ya darini yanayomwaga maji yenyewe moto ukitokea. Wengine wakajibu kwamba hayo ni mambo ya hoteli. Shule ya kata inahitaji paa zuri, sakafu ya saruji na nondo imara madirishani. Ndipo mzee mmoja akauliza swali ambalo limeandikwa kwenye kumbukumbu za kikao: "Moto ukianzia upande wa mlango, hao watoto watapita wapi?" Ukumbi ukanyamaza. Ramani tuliyoletewa na mchoraji ilikuwa na mlango mmoja.

Tuliagizwa tupime mambo hayo mawili, maji ya darini na milango ya kutokea, kisha tulete hesabu. Leo tunaileta, na inagusa mchango wa kila mmoja wenu.

Kwanza tukumbushane tunamjengea nani. Katika kata zetu za mteremko wa mashariki, kuanzia Mkuyuni na Kinole hadi Tawa na Matombo, binti anayechaguliwa kwenda sekondari anaweza kuamka saa kumi alfajiri, akashuka bonde, akavuka mto na kupanda kilima kingine ndipo aione bendera ya shule. Masika yakianza, mto unamrudisha nyumbani. Mzazi mwenye uwezo kidogo humpangishia chumba karibu na shule, akae na wenzake wawili au watatu bila mtu mzima. Yanayotokea katika mageto hayo wazee mnayajua kuliko sisi. Ndiyo maana tulikubaliana kujenga bweni.

Na kwetu Waluguru jambo hili lina uzito wake. Ukoo wetu unapita kwa mama. Shamba la ukoo, jina la ukoo, hata heshima ya mjomba kuitwa mjomba, vyote vinamtegemea dada na mpwa wa kike. Tukiwalaza wasichana 80 chini ya paa moja, chini ya paa hilo tumelaza koo nyingi za mlima huu. Kabla hatujajua watalala wapi, lazima tujue watatoka vipi.

Tumesoma habari za mabweni yaliyoungua kwetu na kwa majirani zetu. Juni 1994 liliungua bweni la wasichana la Sekondari ya Shauritanga, Rombo. Wakafa wasichana 42. Agosti 2009 ikawa Sekondari ya Idodi, Iringa, wasichana 12. Septemba 2020 ikawa Shule ya Msingi Byamungu, Kyerwa mkoani Kagera, wanafunzi 10. Nchini Kenya, Machi 1998, Sekondari ya Wasichana Bombolulu iliyoko ukanda wa pwani, wasichana 26. Machi 2001, Sekondari ya Kyanguli, Machakos; wavulana 67. Septemba 2017, Moi Girls, Nairobi, wasichana 10. Septemba 2024, Hillside Endarasha, Nyeri. Wavulana 21, katika bweni lililokuwa likilaza watoto zaidi ya 150.

Sisi wahasibu tuna tabia ya kujumlisha. Jumla ni 188. Hizo ni shule 7 tu, na zipo nyingine ambazo hatukuziandika hapa.

Vyanzo vya mioto hiyo havikufanana. Idodi ulitajwa mshumaa. Kyanguli ilikuwa petroli iliyomwagwa kwa makusudi usiku wa manane. Lakini Bombolulu na Kyanguli, ambako moto ulianza kwa namna zake, zilifanana katika kilichowazuia watoto kutoka: mlango uliofungwa na madirisha yenye nondo. Bweni la Kyanguli lilikuwa na milango miwili, na mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Kwenye ramani milango ilikuwa miwili. Usiku ule ulikuwa mmoja.

Sisi watu wa Morogoro hatuna haja ya kuhadithiwa moto. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, lori la mafuta lilipinduka na kulipuka, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Moto ule ulikuwa wa petroli na ulikuwa wazi barabarani, kwa hiyo haufanani na moto wa bweni. Tunautaja kwa sababu moja tu: waliokuwepo mjini siku ile waliona jinsi moto unavyomaliza kazi yake kabla mtu hajaamua akimbilie wapi.

Bwenini mambo huenda hivi. Godoro la sponji likishika moto, linawaka haraka na kutoa moshi mzito mweusi. Moshi huo una hewa ya sumu inayomlevya mtu akiwa bado amelala. Hupanda darini, hujaa, kisha huanza kushuka kuelekea vitandani, na anayelala kitanda cha juu hupatwa kwanza. Ndani ya dakika chache, mara nyingi 3 hadi 5, chumba kizima kinaweza kuwaka kwa pamoja. Wengi wanaokufa katika moto wa ndani huuawa na moshi kabla ya ndimi za moto kuwafikia. Kwa hiyo muda tulio nao ni dakika 2 au 3, na ndani yake mtoto anatakiwa aamke, aelewe, ashuke kitandani, na atoke.

Wako watakaosema zimamoto watakuja. Gari la zimamoto liko mjini Morogoro. Barabara yetu mnaijua ilivyo Aprili. Namba 114 ipigwe, na tutaiandika ukutani kwa rangi nyekundu, lakini hakuna askari wa zimamoto atakayefika mlimani kwetu ndani ya dakika 3. Kitakachowaokoa watoto ni kile kitakachokuwa tayari kwenye jengo usiku huo.

Sasa tuje kwenye maji ya darini, na tuwatendee haki waliopendekeza, maana hoja yao si ya majivuno. Mfumo huo ni wa zamani, ulianza kutumika tangu miaka ya 1870, na unafanya kazi. Juu ya dari hupita mabomba yaliyojaa maji. Kila baada ya mita 3 au 4 kuna kichwa kidogo kilichozibwa kwa kichupa cha kioo chenye kimiminika ndani. Joto la mahali hapo likifika takriban nyuzi 68, kimiminika hutanuka, kichupa hupasuka, na maji humwagika juu ya moto. Kwenye sinema tunaona vichwa vyote vikifunguka kwa pamoja, lakini sivyo ilivyo. Hufunguka kile tu kilichopata joto, na mara nyingi kimoja au viwili vinatosha. Hakihitaji mtu awe macho. Marekani, ambako kumbukumbu za moto hutunzwa vizuri, mfumo huu hufanya kazi takriban mara 9 kati ya 10 pale moto unapokuwa mkubwa kiasi cha kuufungua.

Kwa jengo la ghorofa 15, au ghala, au soko, au hospitali yenye wagonjwa wasioweza kutembea, tungesema uwekwe bila mjadala. Mtu aliye ghorofa ya 12 hawezi kufika chini kwa dakika moja, na mgonjwa aliyefungwa mguu hawezi kukimbia. Huko maji lazima yamfuate mtu, kwa kuwa mtu hawezi kuukimbia moto.

Mwenzetu mmoja mhandisi alituletea hoja nzuri zaidi, na tunaileta kwenu kwa sababu ni ya kwetu kabisa. Alisema: nyinyi mna kitu ambacho maghorofa ya mjini hayana, mna mlima. Kila mita 10 za mwinuko huyapa maji presha ya takriban baa 1. Tangi likikaa mita 20 juu ya bweni, maji yatashuka kwa mserereko yakiwa na presha ya baa 2, bila pampu na bila umeme. Milima yetu inalisha mto Ruvu, na Ruvu inainywesha Dar es Salaam. Itakuwaje maji yetu yawafae watu wa mbali, na watoto wetu waungue?

Hoja hiyo ilitugusa, tukaifanyia hesabu. Kichwa kimoja hutumia lita 60 kwa dakika au zaidi. Tukikadiria vichwa 4 vifunguke kwa dakika 30, ni lita 7,200. Kwa hiyo linatakiwa simtanki la lita 10,000, lijae wakati wote, na lisiguswe kwa kazi nyingine. Hapo ndipo hesabu ilipoanza kuwa ngumu.

Ugumu wa kwanza ni kiangazi. Septemba na Oktoba, vijito vikipungua, wasichana 80 watahitaji maji ya kuoga, kufua na kupikia. Tangi la lita 10,000 litakuwa limesimama pale juu likitazamwa. Mwalimu gani atawaambia mabinti wasioge kwa kuwa maji yale ni ya moto ambao haujatokea? Litafunguliwa. Na likifunguliwa, mabomba ya darini yanabaki mapambo.

Ugumu wa pili ni matunzo. Bweni likikamilika tutalikabidhi kwa shule na Halmashauri. Sisi tutakuwa Dar es Salaam. Masika maji yetu hushuka na tope, na tope huziba mabomba. Koki kuu ikivuja, fundi ataifunga aje kuitengeneza kesho, na kesho hiyo inaweza kuwa mwaka mzima. Mfumo uliofungwa koki unafanana kabisa na mfumo mzima. Ukitazama darini huoni tofauti. Sisi wahasibu tunaogopa sana mali ya namna hiyo, ile inayoonekana kwenye daftari kuwa ipo wakati kazi yake imekwisha.

Ugumu wa tatu ni bei. Kwa makadirio tuliyoletewa, mabomba, vichwa, koki na tangi vilizidi fedha za kuezeka paa zima. Milango miwili mipana ya ziada, pamoja na makomeo yake, ilikuwa chini ya bei ya magodoro.

Na la nne si la fedha. Maji ya darini yanapunguza moto, lakini hayafungui kufuli. Hata yakifanya kazi sawasawa, moshi wa kwanza utakuwa umeshatoka, taa zitakuwa zimezimika, na watoto 80 watakimbilia mlangoni. Wakikuta umefungwa, fedha zote tulizotumia darini zitakuwa zimewapa dakika chache zaidi za kusukumana mbele ya mlango uleule.

Tukaihesabu milango nayo. Wahandisi hukadiria kwamba kila mita moja ya upana wa mlango hupitisha watu 60 hadi 80 kwa dakika, wakitoka kwa utaratibu. Tumechukua 65. Mlango wa ramani ya kwanza ulikuwa na sentimita 80, ambao ungepitisha watu 52 kwa dakika. Wasichana 80 wangehitaji dakika moja na nusu kupita tu, ukiacha muda wa kuamka na kufika mlangoni. Na hiyo ni kama moto uko mbali na mlango. Moto ukiwa karibu na mlango huo, idadi ya milango ni sifuri.

Sasa tuweke milango miwili, mmoja kila ncha ya bweni, kila mmoja upana wa mita 1.5. Kila mlango utapitisha watu wapatao 97 kwa dakika. Wasichana 40 kila upande watapita kwa nusu dakika hivi. Moto ukiziba ncha moja, wote 80 watatoka kwa ncha nyingine kwa sekunde zipatazo 50. Ukiongeza mlango wa tatu katikati, hakuna binti atakayelala mbali na njia. Hesabu hii ni ya watu walio watulivu, na usiku wa moto watu hawawi watulivu. Ndiyo sababu tunataka upana uzidi.

Wenzetu wa Kenya wamelipia somo hili kwa watoto wao, wakaliandika. Mwongozo wao wa usalama shuleni wa mwaka 2008 unasema milango ya bweni iwe na upana usiopungua futi 5, ifunguke kwa nje, na isifungwe kwa nje watoto wakiwa ndani. Bweni liwe na mlango kila mwisho na mlango wa dharura katikati. Madirisha yasiwe na nondo. Nafasi kati ya kitanda na kitanda isipungue mita 1.2. Endarasha iliungua miaka 16 baada ya mwongozo huo kuandikwa. Kuandika peke yake hakumtoi mtoto nje, na tutarudi hapo.

Mfano mwingine unatoka mbali, New York, tarehe 25 Machi 1911. Kiwanda cha nguo cha Triangle kilikuwa ghorofa ya 8, ya 9 na ya 10. Moto ulipozuka, mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa. Kesi iliyofuata ilizungumzia sana desturi ya kuwazuia wafanyakazi wasitoke na vitambaa vya wizi. Walikufa watu 146, wengi wao wasichana na wanawake vijana, wengine wakiruka madirishani. Vinyunyizio vya darini vilikuwa vinauzwa wakati huo, ila jengo halikuwa navyo. Sisi watu wa hesabu kilichotushtua ni hiki: jengo lenyewe halikuanguka. Lilijengwa lisiungue, na hadi leo limesimama na linatumika. Mali ilibaki, watu wakaisha. Mjenzi alilinda jengo, mwenye kiwanda akalinda vitambaa, na hakuna aliyepewa kazi ya kulinda njia.

Wazazi wetu, tunajua mnachofikiri. Mnafikiri: mlango unaofunguka kwa ndani bila ufunguo ni mlango wa kumtorosha binti. Na dirisha lisilo na nondo ni karibu kwa mwizi. Hofu hiyo ni ya kweli na hatuidharau. Mzazi anayemleta binti bwenini anataka mambo mawili kwa pamoja: asiingie mtu mbaya, na asitoke mtoto wake usiku. Nondo na kufuli vinampa amani hiyo, tena kwa bei ndogo.

Lakini tuangalie desturi yetu wenyewe. Wazee wetu walimweka mwali ndani, na walimweka kwa heshima. Hawakumtia ndani wakafunga wakaenda shambani. Alikuwepo mtu mzima wa kumhudumia na kumfundisha. Ulinzi ulikuwa mtu. Kufuli ni njia ya kuokoa mshahara wa mtu, na usiku wa moto ndipo deni la mshahara huo linapodaiwa.

Kwa hiyo tumeufanyia mpango ulinzi wenyewe. Milango itakuwa ya chuma. Kwa nje haitakuwa na mshikio. Itafunguliwa kwa ufunguo wa matroni. Kwa ndani itakuwa na komeo la kusukuma: binti akiliegemea kwa mwili, mlango unafunguka kwa nje, hata gizani, hata akisukumwa na wenzake. Milango ya katikati na ya nyuma itafungwa kengele ya kawaida itakayolia ikifunguliwa, hivyo anayetoka kwa siri hatakuwa na siri. Chumba cha matroni kitakuwa ndani ya bweni, jirani na mlango mkuu. Fedha zilizotengwa kwa nondo za madirisha zihamie kwenye uzio, taa za sola uani na posho ya mlinzi. Mwizi azuiwe kwenye uzio, mbali na kitanda cha mtoto.

Baada ya kupima yote, Kamati inaleta mapendekezo haya kwa mkutano.

Kwanza, ramani irekebishwe sasa, kabla ya msingi. Mlango ukiwa kwenye karatasi unagharimu wino. Ukishafika kwenye linta unagharimu tofali na saruji. Paa likishapanda, unagharimu kubomoa, na hapo kila mtu atasema tuuache hadi awamu ijayo. Ramani mpya ipelekwe kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, chombo kilichopewa kazi hiyo kwa sheria ya mwaka 2007, waipitie kabla fundi hajachimba.

Pili, milango 3 kama tulivyoeleza, na madirisha mapana yasiyo na nondo, yenye kizingiti cha chini ambacho binti wa Kidato cha Kwanza anaweza kukivuka.

Tatu, tusiweke vinyunyizio vya darini katika awamu hii. Badala yake, tangi la lita 5,000 lijengwe juu ya bweni, maji yashuke kwa mserereko, na liwe na koki mbili. Koki ya matumizi ya kila siku itoke katikati ya tangi, na koki ya moto itoke chini kabisa. Hata wasichana wakioga hadi maji ya juu yaishe, nusu ya chini inabaki kwa ajili ya bomba la mpira la nje. Huo ndio mchango wa hoja ya mhandisi wetu, na siku tukipata mfadhili wa kulipia mabomba ya darini pamoja na matunzo yake ya miaka 10, mlima bado utakuwepo.

Nne, vitambua moshi vya betri darini, mitungi ya kuzimia moto karibu na kila mlango, na taa za sola, ili mshumaa na kibatari visiingie bwenini kwa kisingizio cha kusoma.

Tano, na hili halina gharama hata senti moja: zoezi la kutoka. Kila muhula, mara moja usiku, bila kutangazwa. Kengele ipigwe, mabinti watoke, wakutane uwanjani mahali palipopangwa, waitwe majina kwenye rejista. Matroni aandike walitumia dakika ngapi. Sisi tunaomba nakula ya karatasi hiyo kila muhula, kama tunavyoomba stakabadhi za saruji. Hapa ndipo maandishi yanapogeuka kuwa kitu. Mlango ambao haujafunguliwa mwaka mzima hatutauhesabu kuwa mlango.

Sita, idadi. Bweni hili ni la vitanda vya watoto 80. Likishafunguliwa, na likisifiwa, wazazi watakuja na barua, na viongozi watakuja na barua, na itaonekana ni huruma kuongeza kitanda hapa na godoro pale. Kila kitanda kinachoongezwa kinawekwa kwenye njia ya kupita. Tunapendekeza hati ya makabidhiano na Halmashauri itaje idadi hiyo, na iandikwe kwa rangi juu ya mlango mkuu. Watoto wakizidi, tutajenga bweni la pili. Tusiligeuze la kwanza kuwa mawili.

Ndugu zetu, tunajua ugumu wa kuomba fedha za mlango. Mtu akitoa kompyuta anapigwa picha nayo. Akitoa paa, wasafiri wanaliona likimeta kutoka barabarani. Vinyunyizio vya darini vingetupa sifa, tungesema shule ya mlimani ina kitu ambacho baadhi ya hoteli za mjini hazina. Mlango wa dharura hauna sifa. Tukibahatika, utakaa miaka 40 bila kutumika hata mara moja isipokuwa kwenye zoezi, na watu watauliza ulijengwa wa nini.

Hatuna jibu la kumpa mtu huyo isipokuwa ile jumla ya 188. Wengi wao wangetimia umri wetu sisi tulioketi hapa. Wasichana wa Shauritanga leo wangekuwa katika miaka ya arobaini, wenye watoto, wakilipa michango kama hii katika vyama vya kwao.

Fomu ya ahadi iko katikati ya kijitabu hiki. Safari hii tumeigawa kwa vifungu ili kila mtu ajue shilingi yake inakwenda wapi: milango na makomeo, madirisha, tangi na koki zake, uzio na taa, vitambua moshi na mitungi. Anayeweza kulipia mlango mzima peke yake, alipie. Wanaoweza kuungana kwa ukoo, waungane. Wajomba mna nafasi yenu hapo. Anayeweza kulipia bawaba moja, tutaiandika bawaba yake kwenye daftari, na stakabadhi atapewa leo hii kabla hajatoka ukumbini.

Na tukitoka ukumbini, tunawaomba kila mmoja aangalie mlango anaopitia. Aangalie unafunguka kwa ndani au kwa nje, na kama upo mwingine. Kisha akifika nyumbani kwake usiku wa leo, aangalie ufunguo wa mlango wa nyuma unakaa wapi, na nani mwingine ndani ya nyumba anajua.

Ndugu Mwenyekiti, kwa niaba ya Kamati, tunaomba kuwasilisha.